Jina la Mti Utetemao: Safari ya Ukoo wa Tremblay

Katika bonde la mto Saguenay, kaskazini ya mji wa Quebec nchini Kanada, mwalimu aitaye jina la Tremblay darasani asistaajabu akiitikiwa na sauti mbili au tatu kwa pamoja. Jina hilo ndilo linaloongoza kwa wingi katika jimbo zima la Quebec. Hesabu za ofisi ya takwimu ya jimbo hilo zilizotolewa mwaka 2006 zilionyesha kuwa zaidi ya mtu 1 katika kila 100 huitwa Tremblay, na Saguenay fungu hilo ni kubwa mara kadhaa. Huko Ufaransa lilikotoka, jina hilo lipo, lakini halimo katika majina yaongozayo. Nafasi ya kwanza huko imeshikwa na Martin.

Ilikuwaje jina lisilo na umaarufu kwao likatawala ng'ambo ya bahari? Na jina lienealo namna hiyo latuambia nini juu ya damu ya watu wanaolichukua? Swali la pili si la kujifurahisha. Katika bonde hilo hilo yamo maradhi ya kurithi ambayo kwa miaka mingi yaliua watoto wachanga, na watu wengi wamekuwa wepesi wa kuyahusisha na koo fulani. Historia ya jina la Tremblay yaonyesha jinsi sayansi inavyoweza kutenganisha kweli na dhana.

Mti, mahali, kisha mtu

Majina ya ukoo ya Kifaransa hayakuwapo tangu kale. Kabla ya karne ya 11 mwanakijiji alitosheka na jina lake la ubatizo. Idadi ya watu ilipoongezeka, na majina ya ubatizo yakiwa machache, akina Pierre na akina Jean wakawa wengi mno katika kijiji kimoja. Hapo watu wakaanza kupambanuliwa kwa lakabu. Lakabu hizo zilitokana na mambo manne: jina la baba, kazi ya mtu, sifa ya mwili au tabia yake, na mahali alipokaa au alipotoka. Polepole lakabu ya baba ikawa ya mwana, na ya mwana ikawa ya mjukuu. Mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza alitoa amri mjini Villers-Cotterêts, iliyowataka mapadre, pamoja na mambo mengine, waandike daftari za ubatizo. Kalamu ikaanza kufunga kile ambacho ulimi ulikuwa ukikibadilisha. Hatimaye, sheria ya mwaka 1794 ikamkataza raia yeyote kutumia jina lisilokuwamo katika cheti chake cha kuzaliwa.

Tremblay ni la fungu la nne, yaani majina ya mahali. Asili yake ni mti uitwao kwa Kifaransa tremble, mti wa nchi za baridi ambao wataalamu wa mimea huuita Populus tremula. Maana ya jina hilo ni "wenye kutetema". Kikonyo cha jani lake kimebapa ubavuni, kwa hiyo upepo mdogo kabisa hulipeperusha jani huku na huku, na mti mzima huonekana kama unatetemeka hata pale miti mingine imetulia. Kichaka cha miti hiyo kiliitwa kwa Kilatini cha baadaye tremuletum, na katika vinywa vya Wafaransa neno hilo likawa Tremblay. Ndiyo sababu vijiji na vitongoji kadhaa vya kaskazini ya Ufaransa vina jina hilo hadi leo. Mtu aliyehama kutoka mojawapo ya vitongoji hivyo aliitwa kwa jina la alikotoka.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kwa kuwa vichaka vya miti hiyo vilikuwa vingi, jina lilizuka mahali pengi, mbali mbali. Hivyo akina Tremblay wawili wa Ufaransa hawana haja ya kuwa ndugu, kama vile akina Martin wawili wasivyolazimika kuwa ndugu. Katika Amerika ya Kaskazini mambo ni kinyume: huko wataalamu wa nasaba huwarudisha akina Tremblay kwa mume na mke wawili tu.

Kibarua wa Randonnai

Pierre Tremblay alizaliwa yapata mwaka 1626 huko Randonnai, kijiji cha Perche, nchi ya vilima na misitu iliyo magharibi ya Paris. Perche ilikuwa nchi ndogo, lakini tangu mwaka 1634, Robert Giffard, tabibu aliyetoka huko, alipoanza kuwachukua watu wa kwao kwenda Quebec, ikawa mojawapo ya chemchemi kuu za walowezi wa Kifaransa. Mwaka 1647 Pierre naye akavuka bahari ya Atlantiki akiwa kibarua wa mkataba, aliyeajiriwa na Noël Juchereau.

Vibarua wengi wa namna yake walirudi Ufaransa mkataba ulipokwisha. Baridi ilikuwa kali, vita vilikuwapo, na wanawake wa kuoa walikuwa wachache mno. Pierre alibaki. Miaka kumi ikapita. Tarehe 2 Oktoba 1657 alimwoa Ozanne Achon, mwanamke aliyekuwa amewasili kutoka sehemu za La Rochelle. Wakakaa L'Ange-Gardien, kwenye ukingo wa mto mkuu wa Saint-Laurent, wakazaa watoto 12. Kati ya hao, wana wanne, Pierre, Michel, Jacques na Louis, ndio walioliendeleza jina.

Wafaransa waliohamia Quebec na kukaa moja kwa moja kabla ya mwaka 1760 hawakuzidi sana 10,000. Kutokana na watu hao wachache imetoka jamii kubwa ya leo yenye mamilioni ya watu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini katika mambo ya uzazi kila haba haina uzito sawa na nyingine. Majina mengine yaliyofika pamoja na Tremblay yalitoweka kabisa.

Bahati na hesabu

Kutoweka kwa majina kuliwashughulisha wanahisabati mapema. Mfaransa Bienaymé aliandika juu yake mwaka 1845. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton alilitangaza swali hilo hadharani, na Henry William Watson, kasisi na mwanahisabati, akalifanyia kazi. Walitaka kujua: ikiwa jina hurithiwa kwa wana wa kiume peke yao, ni koo ngapi zitakazokwisha kwa bahati tu, bila ya njaa, vita wala tauni?

Mwalimu anaweza kulijibu swali hili darasani kwa sarafu. Wanafunzi 20 wawe wazee 20, kila mmoja na jina lake. Kila mzee ana watoto wawili. Sarafu hurushwa mara mbili kuamua kama ni wa kiume au wa kike. Uwezekano wa kupata mabinti wawili ni robo. Kwa hiyo katika kizazi cha kwanza majina kama 5 kati ya 20 hufa. Jaribio likiendelea, kufikia kizazi cha pili yatakuwa yamekufa karibu 8, na kufikia kizazi cha tatu karibu 10. Idadi ya watu haikupungua, kwani kila wazazi wawili waliacha watoto wawili. Hata hivyo nusu ya majina yamepotea. Yaliyobaki hayakuwa bora kuliko yaliyokufa. Yalibahatika.

Familia zikiwa kubwa, hatari hiyo hupungua sana baada ya kizazi cha kwanza au cha pili. Jina lenye wana wanne walioishi na kuoa, katika nchi yenye ardhi tele, limekwisha vuka kivuko kigumu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Tremblay.

Lakini wingi wa jina usichanganywe na wingi wa uzao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, ambao tangu mwaka 1966 wamekuwa wakikusanya vyeti vya kale vya Quebec, wamehesabu wazao wa walowezi wa kwanza. Aliyeongoza kwa idadi ya wazao kufikia mwaka 1800 ni Zacharie Cloutier, seremala aliyetoka pia Perche, mwenye wazao zaidi ya 10,000. Hata hivyo jina la Cloutier si la kwanza kwa wingi. Uzao wake umepita pia katika mabinti, na mabinti hawakupitisha jina. Jina ni uzi mmoja tu katika nguo pana.

Kutoka ukingoni hadi bondeni

Kutoka L'Ange-Gardien, wazao wa Pierre na Ozanne walifuata ukingo wa mto kuelekea kaskazini-mashariki, hadi nchi ya Charlevoix. Mwana wao Pierre alikuja kuwa bwana wa eneo la Les Éboulements, na ndugu na wapwa wakapata mashamba jirani. Charlevoix imebanwa kati ya milima na mto, na kwa muda mrefu wageni waliohamia huko walikuwa wachache. Waliokuwapo waliongezeka wao kwa wao.

Kufikia karne ya 19 ardhi ya kulima haikutosha tena. Mwaka 1838 kikundi cha watu wa La Malbaie, kilichojulikana kama Chama cha Watu Ishirini na Mmoja, kilikwenda Saguenay kukata misonobari. Wakulima wakafuata nyuma ya mashoka. Katika miongo iliyofuata familia nyingi zilihamia bonde hilo, na sehemu kubwa zilitoka Charlevoix. Hivyo watu wachache wa mwanzo walipita kwenye tundu dogo mara mbili: kwanza walipovuka bahari, kisha walipopanda Charlevoix na kushukia Saguenay. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba wanawake waliokaa mstari wa mbele wa uhamiaji, penye ardhi mpya, waliolewa mapema kidogo na kuacha wazao wengi kuliko waliobaki nyuma. Ukoo uliotangulia mbele ulizidi kujaza nchi.

Jina likawa jingi hata halikutosha tena kumtambulisha mtu. Vijijini watu walirudia ufundi wa zamani: mtu aliitwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu, kama vile Joseph wa Pierre wa Louis. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kusikia Juma bin Ali bin Hamadi, ataona mara moja mantiki ya desturi hiyo. Jina la ukoo lilibuniwa ili kuwatenganisha akina Pierre. Lilipowajaa watu wote, mlolongo wa baba na babu ukarudi kazini.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliihama Quebec kwenda Marekani, hasa kwenye viwanda vya nguo vya majimbo ya kaskazini-mashariki. Makarani wa huko waliandika walivyosikia, na Tremblay akawa Trombley au Trombly. Aonaye majina hayo katika Vermont, New York au Michigan anaona matawi ya kichaka kile kile cha Ufaransa.

Jina si damu

Sasa turejee kwenye swali la damu. Mwanamume aitwaye Tremblay, ikiwa hapakuwa na uasili wa mtoto wala jambo jingine lililokata mlolongo, amerithi kutoka kwa Pierre vitu viwili kwa njia moja: jina, na kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mwana wa kiume peke yake. Kwa sababu hiyo wanasayansi huyapenda majina ya ukoo. Ni kama alama iliyoandikwa nje ya kitu kilichomo ndani.

Lakini kromosomu Y ni moja tu kati ya 46. Nyingine hutoka kwa wazazi wote wawili. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, na wazazi wa hao 8. Tangu ndoa ya mwaka 1657 vimepita vizazi kama 12, na nafasi za wahenga katika kizazi cha kumi na mbili ni 4,096. Pierre aliyeleta jina anakaa katika nafasi moja kati ya hizo. Katika Charlevoix na Saguenay huenda akaonekana tena katika nafasi nyingine kadhaa, kupitia kwa mabinti. Lakini huonekana vivyo hivyo katika nasaba za watu waitwao Gagnon, Bouchard au Simard. Na Ozanne Achon, mhenga aliye sawa na mumewe kwa kila hali, hakuacha jina lake kwa mtoto hata mmoja.

Ugonjwa wa bondeni

Haya yana uzito gani katika maisha ya watu? Mfano mmoja watosha. Katika bonde la Saguenay kuna ugonjwa wa kurithi uitwao tirosinemia ya aina ya kwanza. Mtoto huzaliwa bila ya kimeng'enya kimoja kinachomalizia kazi ya kuvunja tirosini, mojawapo ya asidi amino zilizomo katika protini za chakula. Sumu hujikusanya na kuharibu ini na figo. Duniani kwa jumla ugonjwa huu humpata kama mtoto 1 kati ya 100,000. Saguenay umewahi kuhesabiwa kuwa mtoto 1 kati ya 1,846.

Ugonjwa huu hufuata kanuni ile ile ya urithi ambayo wanafunzi wetu huijua kutokana na selimundu: mtu mwenye jeni moja mbovu ni mzima, naye huitwa mchukuzi, mtoto huugua akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Saguenay mchukuzi ni kama mtu 1 kati ya 22. Mwanafunzi na apige hesabu: uwezekano wa wachukuzi wawili kuoana ni 1 kwa 22 mara 1 kwa 22, na mtoto wao kuugua ni robo. Jibu ni 1 kwa 1,936, karibu sawa na hesabu ya hospitali.

Hesabu hiyo fupi huvunja dhana nzito. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba watu wa Saguenay huugua kwa sababu ndugu huoana na ndugu, na wingi wa akina Tremblay waliooa akina Tremblay ukatolewa kuwa ushahidi. Lakini hesabu yetu haikuhitaji ndoa ya ndugu hata moja. Ilidhani kwamba watu huoana ovyo, kama sarafu zirushwavyo. Chanzo chenyewe ni kile ambacho wataalamu hukiita athari ya waasisi: watu wachache walioianza jamii hiyo walikuwamo wachukuzi, na uzao wao ulipoongezeka upesi mahali pamoja, jeni nayo iliongezeka pamoja nao. Uchunguzi wa nasaba umethibitisha kuwa ndoa za ndugu wa karibu hazikuwa nyingi Saguenay kuliko sehemu nyingine za Quebec. Kinachowaunganisha watu hao ni udugu wa mbali, wa vizazi vingi nyuma. Tena, jeni hiyo haimo katika kromosomu Y, wala haikufungwa katika jina lolote. Tremblay aweza kuwa nayo au asiwe nayo, na jirani yake wa jina jingine vivyo hivyo.

Daftari zilizogeuka dawa

Ushahidi huo ulipatikana kwa sababu mapadre waliandika. Ubatizo, ndoa na mazishi ya watu wa Quebec yamehifadhiwa kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanahistoria Gérard Bouchard alianza, huko Chicoutimi katika bonde lenyewe la Saguenay, kazi ya kuviunganisha vyeti hivyo kwa kompyuta. Hifadhi hiyo, iitwayo BALSAC, imekua hata kushika mamilioni ya vyeti, na kwa msaada wake nasaba ya mgonjwa inaweza kufuatwa hadi kwa waasisi wa karne ya 17.

Tiba nayo ilisonga mbele. Quebec ilianza mwaka 1970 kuwapima tirosinemia watoto wachanga. Mwanzoni kilichoweza kufanywa ni kupunguza protini katika chakula, na baadaye kubadili ini. Mwaka 1991 madaktari wa Sweden walimpa mgonjwa wa kwanza dawa ya nitisinoni, iliyotokana na utafiti wa dawa za kuua magugu. Dawa hiyo huzuia sumu isitengenezwe. Mtoto akigunduliwa katika siku zake za kwanza, akapewa dawa na chakula maalumu, hukua kama wenzake.

Kuna pia kazi ya elimu. Tangu mwaka 1980 shirika liitwalo CORAMH limekuwa likieleza habari za maradhi haya katika jamii na katika madarasa ya shule za sekondari za Saguenay. Mwaka 2010 watu wa huko walianza kupatiwa kipimo cha hiari cha kujua kama mtu ni mchukuzi wa mojawapo ya magonjwa manne ya kurithi, na mwaka 2018 kipimo hicho kikafunguliwa kwa jimbo zima, kwa wale ambao asili yao ni katika nchi hizo. Anayeulizwa habari za asili haulizwi jina lake tu. Huulizwa walikozaliwa babu na bibi zake wanne, na mabibi wawili kati ya hao, mara nyingi, walizaliwa na jina jingine.

Hata jina lenyewe sasa linaanza njia mpya. Tangu mwaka 1981 sheria ya Quebec yamtaka mwanamke abaki na jina lake la kuzaliwa baada ya kuolewa, na mtoto anaweza kupewa jina la baba, la mama, au yote mawili. Kwa hiyo mtafiti wa miaka 100 ijayo hataweza kuisoma kromosomu Y kwa kutazama jina kwa urahisi ule wa leo. Lakini binti wa leo anaweza kuwaachia watoto wake jina lake, jambo ambalo Ozanne Achon hakulipata.

Mti wa tremble hutetemeka kwa upepo mdogo, lakini mara nyingi shina lake huunganishwa na mashina jirani kwa mizizi iliyo chini ya ardhi, ambayo mpita njia haioni. Atakaye kuwajua akina Tremblay hana budi kuichimbua mizizi hiyo, ile ya mabibi pamoja na ile ya mababu, kabla ya kutoa hukumu kwa kusoma majina peke yake.